Reli ya Skii Nyuma ya Nyumba: Chuma Kilikuwa Kazi Ndogo

Kila anayeiona reli yetu kwa mara ya kwanza huuliza habari za chuma. Kimenunuliwa wapi, kina unene gani, nani alichomelea. Nawajibu kwa raha, maana chuma ndiyo kazi yangu na fundi hachoki kuulizwa anachokijua. Ila chuma tulimalizana nacho upesi. Theluji ndiyo iliyotutoa jasho, na bado inatutoa. Mtu anayetaka kujenga kitu kama hiki uani kwake, awe hapa Minnesota, Kanada au Norwei, ningemwomba aifikirie theluji kabla hajawasha grenda.

Nieleze kwanza ni kitu gani, kwa sababu ndugu zangu wa Dar nilipowatumia picha walidhani nimetengeneza sehemu ya kuegeshea baiskeli. Reli ya skii ni bomba la chuma, la mraba au la mviringo, lililoinuliwa juu ya theluji kwa miguu mifupi. Mtelezaji, miguuni amefunga skii, yaani mbao mbili ndefu nyembamba za kutelezea theluji, anakuja na mwendo, anapanda juu yake, anateleza mpaka mwisho, kisha anashukia kwenye theluji. Mchezo wenyewe asili yake ni vijana wa mjini wenye mbao za magurudumu waliokuwa wakiteleza juu ya vishikio vya ngazi. Watu wa ubao wa theluji wakauchukua, na wa skii wakafuata kwa nguvu zaidi mwishoni mwa miaka ya 1990, skii zilizopinda mbele na nyuma zilipoanza kuuzwa, kwa sababu ukiwa na hizo unaweza kushuka kinyumenyume bila mkia kuchimba theluji. Tangu Sochi 2014, mashindano yanayochanganya reli na miruko mikubwa yamo kwenye Olimpiki.

Minnesota haina milima. Hyland Hills, pale Bloomington kusini mwa Minneapolis, ni kilima ambacho ukipita kiangazi hugeuzi shingo. Lakini kina kamba inayokimbia muda wote: unaishika kwa mikono, inakukokota hadi juu, unashuka kupitia reli, unaishika tena. Mtoto anarudia reli ileile mara nyingi sana kwa jioni moja, wakati mwenzake wa milimani bado amekaa kwenye lifti ya viti akiyatazama mandhari. Nadhani ndiyo sababu maeneo haya ya vilima vifupi hutoa watu wakali wa reli. Tom Wallisch, aliyeteleza juu ya reli ya mita 129 mwaka 2016 kule Seven Springs, ni wa Pennsylvania. Nick Goepper alikulia Lawrenceburg, Indiana, nchi ya mashamba ya mahindi, akijifua nyumbani kwa mabomba ya PVC na zulia. Akaenda kuchukua shaba Sochi, kisha fedha mwaka 2018 na fedha nyingine 2022.

Habari za Goepper alinisomea binti yangu, na hakunisomea bure.

“Baba, yeye alikuwa na PVC tu. Wewe una mashine ya kuchomelea.”

Hapo sikuwa na pa kukimbilia.

Sisi tunakaa Brooklyn Park, ambako Waafrika Mashariki tuko wengi kiasi kwamba jambo la nyumba moja halikawii kufika kanisani. Lilipofika, mama mmoja ambaye wote tunamwita Shangazi alisema hiyo ni michezo ya wazungu na mtoto atavunjika kiuno. Mzee mmoja Mkenya akamkumbusha Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret aliyekwenda Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana kilomita 10 za skii, akafika wa mwisho kabisa, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akawa bado amesimama mstarini anamngoja ili amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa jina hilo huyo mtoto alionewa. Mjadala ukafungwa.

Kuchomelea nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye mageti na grili za madirisha. Siku hizi nachomelea matrela kiwandani. Kwa hiyo nilipotazama reli za Hyland Hills kwa mara ya kwanza nilizitazama kifundi: bomba, miguu, mishono. Geti hutengenezwa lisimame na lizuie, na donge la kuchomelea likibaki upande wa ndani rangi italifunika, mwenye nyumba hatalijua. Juu ya reli anapita mtu kwa kasi, miguuni ana skii zenye kingo za chuma. Donge dogo kama punje ya mtama linatosha kuudaka ukingo na kumrusha mbele.

Nilichagua bomba la mstatili, inchi nne kwa mbili, unene wa milimita tatu, nikalilaza ubapa ili sehemu ya juu iwe na upana wa inchi nne. Kwa anayeanza, upana ni heri kuliko urembo. Urefu ni futi 16, karibu mita tano, na bomba peke yake lina uzito wa kilo 35 hivi, kwa hiyo watu wawili wanalihamisha bila kugombana. Ncha ya mbele sikuiacha imekodoa. Nililikata kabari upande wa chini, nikalipinda liangalie chini, nikachomelea mzunguko mzima, na kipande hicho tunakifukia kwenye theluji. Mtu akija chini kuliko alivyopaswa, skii inapanda juu ya bomba badala ya kuligonga kwa pua. Ncha ya nyuma nayo nimeifunga kwa bamba na kuizungusha. Bomba lililoachwa wazi mwishoni lina midomo minne inayokata, na mtu akianguka huanguka akiwa karibu na mwisho.

Miguu imekaa chini ya bomba kabisa, haichungulii pembeni, na kila mguu una kitako cha kukingama cha karibu mita moja ambacho hulala ndani ya theluji. Boliti zote vichwa vyake viko chini. Skii ikikingama juu ya reli inaning’inia pande zote mbili kwa zaidi ya nusu mita, na ikiteleza ikashuka upande mmoja, chochote kilichochomoza itakikuta.

Kusaga mishono kulinichukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Macho hayatoshi kwa kazi hii, hata vidole vinadanganya baada ya muda kwa sababu ngozi ya fundi ni ngumu. Mke wangu alinipa soksi ndefu ya nailoni iliyokwisha kuchanika. Unaivaa mkononi, unapitisha kiganja juu ya bomba polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unarudi. Pale uzi unaponasa, hata kama jicho linaona pamelainika, unarudisha msasa. Binti aliifanya kazi hiyo yeye mwenyewe akiwa amepiga magoti gerejini, na kila soksi iliponasa alichora duara kwa chaki. Alipomaliza, reli ilijaa viduara. Nikawasha grenda tena. Sikulalamika, kwa sababu ndiye atakayepita juu.

Kuna jambo ambalo wachomeleaji wenzangu wanalijua lakini baba wa kawaida aliyenunua mashine ya bei nafuu huenda halijui. Kwenye yadi za chuma chakavu utaona mabomba mazuri ya kung’aa, yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu. Bei yake inashawishi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chuma hakijaanza hata kufikiria kuyeyuka, na moshi wake mweupe ukiuvuta unaamka usiku una homa, baridi na mwili kuuma kama mwenye malaria. Gerezani tulikuwa tunakunywa maziwa tukiamini yanaosha kifua. Hayaoshi. Nunua chuma cheusi, au usage zinki yote pale utakapochomelea na uache mlango wazi. Tena kwa baridi ya huku, chuma kilicholala nje huwa na umande ulioganda. Kipashe moto kwanza, vinginevyo mshono utakuwa na vitundu.

Na PVC ya Goepper? Inafaa, ila kwa msimu wa joto. Kwenye baridi kali plastiki hiyo inakuwa ngumu na kupasuka vipande vyenye makali. Plastiki inayovumilia ni ile ya polithini nzito, ambayo vibao vyeupe vya kukatia nyama hutengenezwa kwayo. Mdogo wake binti alitaka chake, nikamtengenezea boksi pana la mbao, juu nikaweka plastiki hiyo, pembeni chuma cha engo. Matundu ya skrubu niliyatoboa marefu, si ya duara, kwa sababu kipande cha mita mbili na nusu kinaweza kusinyaa kwa sentimita mbili hivi kutoka joto la Julai hadi baridi ya Januari. Ukikibana kabisa kinajikunja katikati. Boksi halina hadithi zaidi ya hiyo. Mtoto anateleza, anafurahi.

Sasa theluji.

Tulianza majira ya baridi ya 2023–24, na walio huku watakumbuka. Minnesota haijawahi kuwa na majira ya baridi yenye joto kiasi kile tangu rekodi zianze kuwekwa. Krismasi ilinyesha mvua. Reli ilikuwa imekaa uani imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, chini yake majani ya kijani, na majirani wanapita wanatabasamu.

Binti ndiye aliyejua la kufanya. Jimbo hili miji mingi ina uwanja wa ndani wa hoki ya barafuni, na kila baada ya mchezo linapita lile gari wanaloliita Zamboni, linaparua uso wa barafu, linakusanya ule unga tumboni, na nyuma linamwaga maji ya moto yanayoganda upya na kuwa kioo. Unga uliokusanywa unamwagwa nje, nyuma ya jengo, na pale unakuwa kilima kinachokaa hata wiki ambazo mji mzima hauna theluji. Niliingia ofisini kwao, nikaomba kistaarabu. Msimamizi alicheka, akasema mradi tuje na koleo zetu na tusizibe njia ya gari.

Ule unga si theluji, na kufanana kwake na theluji ndiko kunakodanganya watu. Ni mzito, una maji mengi, na ukikaa usiku mmoja kwenye baridi unashikamana kuwa jiwe. Kwa kujaza chini ni mali safi: unaujaza kwenye vitako vya miguu, unamwagia maji, unalala, na asubuhi reli haitikisiki hata ukiisukuma kwa bega. Lakini kwa pale mtu anapoangukia ni hatari. Tulikuwa tunauchambua kwa reki ya bustani kila kabla ya kuanza, mpaka uwe laini kwa kina cha kiganja, na theluji halisi ikishuka, hata kidogo, tunaikusanya yote na kuiweka upande wa kushukia. Njia za magari za majirani tulikuwa tunazisafisha bure, tukiondoka na theluji. Yule mzee wa nyumba ya kulia alidhani ni adabu ya Kitanzania. Sikumsahihisha.

Kinachofuata ni mwendo, na hapo ndipo wazazi wengi tunapotaka kuharibu. Akili ya mzazi inasema: mtoto aende polepole, asije akaumia. Kwenye reli, polepole ndiko kunakoumiza. Mtu akipanda reli hana mwendo, skii zikikingama zinanata, anasimama juu ya chuma kilichoinuka na hana pa kwenda isipokuwa kuanguka wima, na chini ya kiuno chake kuna bomba. Akiwa na mwendo wa kutosha, hata akipoteza mizani anatupwa mbele, kwenye theluji iliyoandaliwa. Ukiogopa, punguza kimo cha reli. Mwendo uache. Yetu ilianza ikiwa imeinuka kiganja kimoja tu juu ya theluji, na ilionekana kichekesho, lakini mwanzo ulikuwa salama kweli.

Mwendo unatoka kwenye kimo. Nyumba yetu ina baraza la mbao lililoinuliwa kwa nyuma, wenyewe wanaliita deki, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, na ua unateremka nusu mita nyingine kabla ya kufika ilipo reli. Jumla mita mbili. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, mita mbili za kushuka haziwezi kukupa zaidi ya mita 6.3 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 22 na ushei kwa saa, na hiyo ni kama hakuna msuguano wowote. Msuguano upo. Kwa hiyo tulikuwa tunafanya kazi na mwendo wa baiskeli, si zaidi, na kila kitu kingine ilibidi kiuhifadhi mwendo huo: njia nyoofu, uso laini, hakuna kona.

Deki ilikuwa na vizuizi pande zote, na sheria za ujenzi zina maana yake, mtoto mdogo asianguke. Sikuving’oa. Nilikata sehemu moja nikaigeuza kuwa geti dogo lenye bawaba na komeo, lifunguliwe wakati wa kuteleza tu. Nakiri ndiyo sehemu ya mradi wote niliyoifurahia kuliko nyingine. Toka hapo nikashusha ngazi pana isiyo na vidato, mteremko mtupu, ya mbao za inchi mbili kwa sita na plaiwudi juu, na juu ya plaiwudi tukapigilia zulia kuukuu, nyuzi zikiangalia juu. Plaiwudi tupu haishiki theluji, inamomonyoka yote ikiangukia chini. Zulia linaishika hata ikiwa nyembamba.

Mwaka uliofuata ukaja na baridi ya kweli, na ikaja na somo lingine. Kwenye nyuzi sifuri hivi skii hukimbia vizuri, kwa sababu kati ya skii na theluji panakuwa na utando mwembamba wa maji. Ikishuka chini ya hasi 20 utando huo unakosekana na theluji inakuwa kama mchanga wa pwani. Ngazi ileile, reli ileile, na binti anafika kwenye bomba akiwa hana mwendo kabisa. Siku kama hizo tunafunga geti. Si kwa kuogopa baridi, watoto wa huku hawaiogopi. Ni kwamba hesabu haitoshi.

Pale theluji inapokutana na reli tulipatengeneza pawe sawa kabisa na bomba, pasiwe na pengo, ili mtu apande bila kuruka. Baadaye, alipozoea, tukashusha theluji kidogo ili ajifunze kuruka aifikie. Upande wa kushukia unatakiwa uteremke. Ukiwa tambarare, magoti yanabeba kila kitu. Ukiteremka, mwili unaendelea na safari yake. Kwa hiyo unga wote wa Zamboni uliobaki tuliujaza chini ya nusu ya mwisho ya reli na mbele yake, tukautengeneza kuwa mteremko mpana, mpana kwa pande zote mbili, kwa sababu anayeanguka hachagui upande. Mwisho wa yote kuna uzio wa mbao. Tuliigeuza reli ikatiza ua kwa mshazari ili ipatikane nafasi ya kusimama kabla ya uzio, na mbele ya uzio tukalundika theluji laini hadi kifuani.

Kuna mambo ya karatasi ambayo sitayakalia sana. Kabla hujachimba shimo lolote hapa Marekani unapiga 811, wanakuja kuchora chini mabomba ya gesi na nyaya zilipopita, na huduma hiyo hulipii. Reli yetu haikuhitaji shimo, ila mihimili ya ngazi ilihitaji. Mtu wa bima nilimweleza ukweli kabla, si baada, na alinijibu kwa maandishi. Watoto wa wenzangu hawapandi mpaka mzazi aje aone kwa macho yake. Wengine wameona wakasema hapana, na wako sahihi kwa watoto wao. Helmeti ni lazima, hata kwa mjomba aliyekuja kutoka Columbus na kusema yeye atapanda mara moja tu kwa ajili ya picha. Alivaa. Na alihitaji.

Skii zenyewe nazo zinataka kutayarishwa. Zinazokuja kutoka dukani zina kingo kali za kushika barafu, na ukali huo ndio unaonasa kwenye chuma. Tulichukua jozi kuukuu ya duka la mitumba, na kwa tupa ya mkono binti akaulegeza ukingo wa chini ya buti tu, akiuzungusha taratibu, ule wa mbele na nyuma akauacha uendelee kushika theluji. Nilitaka nimsaidie kwa grenda. Aliniangalia kwa namna ambayo nikairudisha mahali pake.

Siku alipoanza kukingama, nilikuwa nimesimama pembeni mwa reli na koleo mkononi. Kabla ya hapo alikuwa anapita juu ya bomba skii zikiwa zimeelekea mbele, jambo ambalo linaonekana rahisi na si rahisi sana, kwa sababu bomba la inchi nne halina nafasi ya skii mbili kukaa vizuri. Kukingama ni kuingia, kugeuza kiuno robo mzunguko, skii zote mbili ziwe zimelivuka bomba, na kuteleza ubavu huku uso unaangalia mwisho. Mwili unakataa. Unataka kuegemea nyuma, mbali na kinachoogopwa, na ukiegemea nyuma tu skii zinatangulia na wewe unabaki. Alianguka hivyo, kwa nyonga, tena na tena, upande uleule. Mwalimu wake wa kilimani alikuwa amemwambia akanyage kwa unyayo mzima, bega la mbele lishuke kuelekea mwisho wa reli. Mimi sikuwa na la kuongeza kuhusu mabega. Lakini nilikuwa naona kitu kutoka pale nilipokuwa nimesimama: kila alipoanguka, macho yalikuwa yameangalia skii.

“Tazama kofia,” nikamwambia. Nikavua kofia yangu ya sufu nikaichomeka kwenye fimbo mwisho wa mteremko.

Safari iliyofuata nilisikia kabla sijaona. Skii zikiwa zimenyooka juu ya chuma hutoa mlio mwembamba, kama mtu anayenoa kisu. Zikikingama vizuri, ubapa, mlio unashuka na kuwa mzito, unajaza ua mzima, halafu unakatika ghafla zinapoachana na bomba. Ulilia ule mzito kutoka mwanzo hadi mwisho. Akashuka, akaigonga kofia yangu, akaipita, akaingia kwenye lundo la theluji la kwenye uzio mpaka kifuani, na kutoka mle ndani akapiga kelele ambayo yule mzee wa kulia alitoka nje kuangalia kama kuna aliyeumia.

Tangu hapo mzee huyo ni mtu wetu. Ana mashine ya kupuliza theluji, na badala ya kuipuliza barabarani anaipuliza juu ya uzio, inatua kwetu.

Machipuko yana kazi yake. Theluji ikianza kuloa mchana, wanaotengeneza njia za skii huimwagia chumvi, ambayo huifanya igande upya na kuwa ngumu kwa saa kadhaa. Tulifanya hivyo kidogo mwishoni mwa Machi, ikafanya kazi vizuri, na Mei majani hayakuota mahali pale. Mke wangu alisema hataki kuona chumvi tena nje ya jiko. Reli tunaifungua miguu, tunaiingiza gerejini, tunapitisha soksi upya, kwa maana kingo za skii nazo huchimba chuma na kuacha vinyweleo. Kisha rangi kwenye miguu na ubavu tu. Juu hatupaki, rangi inanata. Juu tunasugua nta ya mshumaa kabla ya kuanza kuteleza.

Msimu ujao anataka reli yenye kona mbili, inayoteremka, inakuwa tambarare, halafu inateremka tena. Chuma ninacho tayari, na pa kukata kabari nimeshachora kwa chaki. Tunachobishania ni theluji. Reli ya namna hiyo inahitaji mteremko mrefu kuliko ua wetu ulivyo, na njia pekee ya kuupata ni kushusha ngazi kutoka kwenye deki ya yule mzee, tuondoe sehemu ya uzio, tumalizie kwetu. Nilikwenda kumwona, nikakaa naye jikoni kwake, nikamweleza taratibu kama ninavyomweleza mtu wa bima. Amekubali, kwa sharti kwamba na yeye deki yake iwekwe geti, na liwe zuri kuliko letu.